Namna ya Kupima Imani Ambayo Kila Mtu Karibu Nawe Ameikubali

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye nyumbani kwao, kazini kwake au katika jumuiya yake ya ibada, jambo fulani limekwisha kukubaliwa na wote, naye ana shaka ambayo bado hajaitamka. Hajui kama shaka hiyo ni busara au ni ukaidi. Mtu wa namna hiyo hushauriwa ama anyamaze ili asivunje umoja, ama ajipe moyo na kupinga, na ushauri wote wawili unairuka kazi yenyewe, ambayo ni kulipima lile jambo. Wingi wa wanaoamini hauthibitishi kitu, na uchache wa wanaopinga hauthibitishi kitu vilevile. Kinachofaa kuulizwa ni kama dai limewahi kuwekwa mahali ambapo lingeweza kushindwa, na lilipowekwa hapo likawaje.

Mfano nitakaoutumia ni kikombe cha Loliondo, kwa kuwa sasa unaweza kuzungumzwa kwa utulivu, na kwa kuwa wasomaji wengi wa Tanzania na Kenya wanamfahamu mtu aliyekwenda au aliyetaka kwenda. Katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa shilingi 500, akieleza kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha. Ilisemwa kwamba inaponya kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na UKIMWI. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa na urefu wa kilomita nyingi, viongozi wa serikali walionekana wakiwa na kikombe mkononi, wagonjwa kadhaa walifariki wakisubiri zamu yao, na ilibidi safari mpya zisimamishwe kwa muda ili msongamano upungue. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Nisingependa msomaji aanze kwa kuwacheka waliokwenda. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa zikitolewa bure nchini Tanzania tangu 2004, lakini ni dawa za kumezwa kila siku maisha yote, na kuonekana kwenye foleni ya kliniki kulikuwa na aibu yake. Samunge ilikuwa na foleni ya kila mtu, ya tajiri na maskini, ambayo haikumtaja mtu ugonjwa wake. Anayeshindwa kuona uzito wa jambo hilo hataweza kuipima imani hiyo kwa haki, kwa sababu hatajua ni nini hasa kilichokuwa kikivuta upande wa pili wa mizani.

Andika jibu lako kabla hujawasikia wengine

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, akifanya kazi Marekani, aliwakalisha vijana chumbani na kuwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, na kuwauliza ni upi kati ya mitatu ulio sawa na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Ila wote waliokuwamo chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti katika baadhi ya zamu. Katika zamu hizo, takriban theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua mpango ilifuata kundi, na karibu robo tatu yao walilifuata kundi angalau mara moja. Hakukuwa na tuzo wala adhabu, na hao wengine hawakuwa ndugu zao.

Kuna mambo mawili katika majaribio hayo ambayo yanaweza kutumika nyumbani leo. La kwanza ni kwamba mhusika aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua. La pili ni kwamba mtu mmoja tu mwingine chumbani alipotoa jibu sahihi, nguvu ya kundi ilishuka sana. Kwa hiyo, kabla ya kikao cha familia, kabla ya mahubiri na kabla ya kuuliza maoni ya mtu yeyote, chukua daftari uandike dai ni lipi, unaliamini kwa kiasi gani, na kwa sababu zipi. Weka tarehe. Kisha mtafute mtu mmoja ambaye unaweza kusema naye faragha bila kuogopa kunukuliwa. Si lazima akubaliane nawe, ilimradi asiwe na haraka ya kukusukuma upande wowote.

Dai liandikwe kwa namna ambayo linaweza kuonekana limekosea. «Kikombe kinaponya» halifai, kwa sababu kila nafuu ndogo italitosheleza na kila kushindwa kutapata maelezo. Andika hivi: mwenye kisukari aliyekunywa kikombe, baada ya miezi mitatu, akipimwa asubuhi kabla ya kula, atakuwa na sukari ya damu iliyo chini ya 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) bila kutumia dawa nyingine yoyote. Sentensi hiyo haina mvuto wa mahubiri, lakini inaweza kukaguliwa na muuguzi wa zahanati. Ukiona kwamba hakuna anayekubali dai lake liandikwe hivyo, hata wale wanaolitetea kwa nguvu, umekwisha kujifunza jambo kubwa kabla ya kupima chochote.

Hesabu vyanzo, si midomo

Ukisikia habari ileile kutoka kwa watu kumi na wawili, jaribu kuwafuata nyuma mmoja mmoja. Muulize kila mmoja kama alimwona mgonjwa kwa macho yake, au alisimuliwa, na alisimuliwa na nani. Mara nyingi utawakuta wanane wamesikia kwa mtu mmoja, naye alisikia redioni au kwa dereva wa basi. Hapo huna mashahidi kumi na wawili, una mmoja, na huyo mmoja bado hujamwuliza maswali yanayohitajika: mgonjwa alipimwa lini, wapi, kabla na baada, na wakati huo alikuwa akitumia dawa gani nyingine.

Cheo hakiongezi idadi ya vyanzo. Waziri aliyekunywa kikombe mbele ya kamera alishuhudia jambo moja tu, kwamba alikunywa. Hata hivyo picha yake ilisambaa kana kwamba ni cheti cha maabara. Vivyo hivyo, taarifa za awali za kitaalamu kwamba kinywaji kile si sumu zilipokewa na wengi kana kwamba zimesema kinatibu, ingawa hata maji ya mtungini si sumu. Unapopokea kauli ya mtaalamu, isome neno kwa neno na ujiulize alijibu swali gani. Linaweza kuwa tofauti kabisa na lile ulilokuwa nalo wewe.

Watafute walio kimya

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wengi waangalifu huishia njiani. Chora mraba wenye vyumba vinne. Katika chumba cha kwanza waweke waliokunywa wakapata nafuu, katika cha pili waliokunywa wasipate nafuu, katika cha tatu wasiokunywa wakapata nafuu, na katika cha nne wasiokunywa wasipate nafuu. Ushuhuda wote unaousikia kanisani, sokoni na ndani ya daladala umetoka katika chumba cha kwanza peke yake. Vyumba vingine vitatu havina sauti, na kila kimoja kina sababu zake za kunyamaza.

Aliyekunywa asipone ameuza mbuzi au amekopa nauli, amelala njiani siku kadhaa, na akirudi anaambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Kusema hadharani kwamba hakupona ni kukiri umaskini wa mfuko na wa roho kwa pamoja, na ni wachache watakaofanya hivyo. Aliyefariki hasemi, na jamaa zake watasema alichelewa kufika. Asiyekunywa akapata nafuu hana kisa cha kusimulia, maana hakuna anayesimama mbele ya watu kutoa ushuhuda kwamba kikohozi kilikwisha chenyewe. Matokeo yake ni kwamba hata kinywaji kisichofanya kitu chochote mwilini kitajaza chumba cha kwanza, mradi wanywaji wawe wengi. Tuseme wamekunywa watu 100,000, na tuseme mmoja kati ya kila 20 angepata nafuu mwaka huo hata angebaki nyumbani. Hao ni watu 5,000 wenye ushuhuda wa kweli, wanaotoa machozi ya kweli, na hakuna hata mmoja wao anayedanganya.

Ukweli wa shahidi na ukweli wa dai ni mambo mawili. Katika mpango wa upatu wa DECI, ambao serikali ya Tanzania iliuzuia mwaka 2009, wanachama walikuwa wakisema «wamepanda mbegu», na waliotangulia walivuna kweli fedha zaidi ya walizotoa. Walipowaeleza majirani kwamba wamelipwa, hawakusema uongo. Walichokuwa hawakioni ni kwamba mavuno yao yalikuwa mbegu za wale waliojiunga baadaye, na kwamba ushuhuda wao wenyewe ndio uliowaleta hao. Kwa sababu hiyo usipoteze muda kubishana kama fulani ni mwaminifu. Mkubalie uaminifu wake, kisha uulize habari za wasiosema.

Njia ya kuvijaza vyumba hivyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Orodhesha watu kumi unaowajua ambao walikwenda, na uifunge orodha hiyo kabla ya kujua hali zao, ili usije ukawachagua kwa matokeo. Waulize wote, mmoja mmoja, nyumbani kwao na pasipo hadhira. Yule ambaye kisa chake kinasimuliwa mtaa mzima muweke mwisho, maana umesikia habari zake kwa sababu tu zilikuwa nzuri. Kisha tafuta watu wengine kumi wenye ugonjwa uleule ambao hawakwenda, uwaulize maswali yaleyale. Watu ishirini hawatoshi kuthibitisha dawa, lakini wanatosha kukuonyesha kama ulikuwa ukisikiliza chumba kimoja.

Jifunze mwendo wa kawaida wa jambo lenyewe

Pumu, shinikizo la damu na maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Mtu hafungi safari ngumu ya Loliondo katika siku zake nzuri; huondoka hali ilipokuwa mbaya kabisa, na kutoka hapo mara nyingi njia iliyobaki ni ya kushuka, kwa kikombe au bila kikombe. Mwenye kisukari aliyekaa siku tatu kwenye foleni akila kidogo anaweza kukuta sukari yake imepungua kwa sababu ya njaa.

Kwa virusi vya UKIMWI hali ni ya hatari zaidi, na inafaa ieleweke vizuri. Mtu aliyemeza dawa zake ipasavyo kwa miezi kadhaa anaweza kupimwa na virusi visionekane kabisa katika damu. Ikiwa katikati ya miezi hiyo alikunywa kikombe, sifa itakwenda kwa kikombe. Akiacha dawa, virusi kwa kawaida huanza kuonekana tena ndani ya wiki chache, lakini yeye mwenyewe anaweza kujisikia mzima kwa muda mrefu, pengine kwa miaka. Maana yake ni kwamba ushuhuda hutolewa kabla hasara haijafika, na hasara inapofika hakuna anayeihusisha na ushuhuda. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kwamba jambo limefanikiwa, uliza ni muda gani ambao ungehitaji kupita ili kushindwa kuonekane, na usihukumu kabla ya muda huo.

Kagua masharti yanayoilinda imani

Kila dai lina haki ya kuwa na masharti yake, na dawa ya hospitali nayo ina dozi na saa. Lakini yapo masharti ambayo kazi yake pekee ni kulizuia dai lisishindwe. Ilielezwa kwamba dawa ya Samunge hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wa Babu mwenyewe, na sharti hilo liliondoa uwezekano wa mtu mwingine kuchemsha mti uleule na kulinganisha. Wafuasi waliongeza la kwao, kwamba asiyepona hakuamini. Mgonjwa akipona, dai limeshinda. Asipopona, dai limeshinda pia na mgonjwa ndiye aliyeshindwa. Ukikutana na muundo huo, iwe katika tiba, katika biashara au katika siasa, tambua kwamba umeondolewa uwezo wa kupima, na kwamba kuendelea kukusanya visa hakutakusaidia.

Linganisha na kikombe kingine, kilichonywewa Australia mwaka 1984. Wakati huo madaktari wengi duniani walikubaliana kwamba vidonda vya tumbo huletwa na asidi, msongo wa mawazo na aina ya chakula, na kwamba bakteria haiwezi kustawi ndani ya tumbo lenye asidi kali kiasi kile. Barry Marshall na mwenzake Robin Warren walidhani vinginevyo. Marshall alichunguzwa kwanza, tumbo likaonekana zima, kisha akanywa mchuzi wenye bakteria ambayo leo huitwa Helicobacter pylori. Baada ya siku chache aliugua, na alipochunguzwa tena kwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utando wa tumbo, uvimbe na bakteria vyote vilionekana. Angeweza kunywa asipatwe na kitu, na wenzake wangeona. Hata hivyo kikombe chake peke yake hakikutosha, kwa kuwa alipata uvimbe wa utando wala si kidonda, na ilibidi wagonjwa wengi watibiwe kwa viuavijasumu na kulinganishwa na wengine kabla ya taaluma kubadili msimamo. Yeye na Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Naukumbusha mfano huo kwa sababu mbili. Wasomi nao wana kundi lao, na wale waliomcheka mwenye kikombe cha mugariga walikuwa na mambo yao waliyoyakubali kwa sababu tu wenzao waliyakubali. Pili, Marshall hakuwa sahihi kwa kuwa alikuwa mpinzani. Wapo wapinzani wengi ambao hawakuwahi kujiweka mahali pa kushindwa, na wao pia hujipatia wafuasi wanaofurahia kujiona wachache wenye macho. Ukijikuta unalipenda jambo kwa sababu wengi wamelikataa, rudi kwenye daftari lako uanze upya.

Weka faraja kwenye ukurasa wake

Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika imani hii inakupa nini. Upande wa pili andika ushahidi ulioupata. Usiruhusu upande mmoja uandikie mwingine. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo yaliaminiwa kwamba yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kwa upande wa kwanza wa ukurasa, imani hiyo ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine katika vita dhidi ya mtawala mmoja. Kwa upande wa pili, bunduki za rashasha za Mahenge, Agosti mwaka huohuo, zilitoa jibu lililo wazi. Pande zote mbili ni za kweli, na mwanahistoria anayeufuta mmoja ili kuusafisha mwingine anatudhulumu.

Baada ya hapo uliza swali la tatu: nikiitegemea imani hii nayo si kweli, nini kitaharibika ambacho hakitengenezeki? Anayeamini kwamba bibi yake aliyefariki anamwombea hajamdhuru mtu, wala imani hiyo haikuahidi kitu cha kupimwa hospitalini, na kwa maoni yangu iachwe kama ilivyo. Mwongozo huu unahusu madai yanayoahidi matokeo katika damu, katika fedha au katika usalama wa watu, kwa sababu huko ndiko watu hulipa.

Kusema na wakubwa

Matokeo yako yakipingana na ya nyumbani, usiyatangaze kwenye kikao. Mzee aliyeumbuliwa mbele ya watu atatetea heshima yake, na mjadala utakuwa umehama kutoka kwenye dawa kwenda kwenye adabu yako. Nenda peke yako, kwa wakati wake, na uanze na lile lenye hatari zaidi kwa namna ya swali. «Shikamoo shangazi. Nimefurahi kuona umerudi salama na una nguvu. Zile dawa za kliniki bado unazinywa?» Akisema ameziacha, usibishane kuhusu kikombe, mwombe arudi kupima na umwambie utamsindikiza. Kama kikombe kimeponya, kipimo kitaonyesha, naye atakuwa na ushuhuda ulio bora kuliko wa wengine wote. Kama hakikuponya, atalijua hilo mbele ya muuguzi na wewe tu. Aendelee na maombi yake kama anavyotaka, maana hujamwomba aachane nayo.

Huenda ukafuata haya yote na usipate jibu. Basi andika «bado sijajua», na mbele yake uandike tarehe ya kurudia pamoja na kile ambacho ungehitaji kukiona ili ubadili msimamo, kwa upande wowote. Katika muda huo wote tenda kwa namna ambayo kosa lake linaweza kurekebishwa: mgonjwa aendelee na dozi zake, fedha inayotolewa isizidi ile ambayo familia inaweza kuipoteza bila kukopa, na mtu yeyote asihimizwe kufuata njia hiyo kwa jina lako.